Mtego wa Waya: kisa cha filamu ya gorila iliyochorwa Bukavu

Kisa hiki kinahusu filamu ya katuni ya dakika sita, iliyotengenezwa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa ajili ya vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na mvutano uliozuka kati ya aliyeichora na walioilipia. Filamu ilikamilika, ikasafirishwa hadi vijijini, ikaonyeshwa, na wanakijiji wakaikataa kwa adabu. Mchoraji akataka kuibadilisha. Waliolipa wakajibu kwamba mkataba hauruhusu. Mimi nilishughulikia sauti na maonyesho, kwa hiyo nina upande: naamini mchoraji alikuwa na haki. Lakini waliolipa nao walikuwa na hoja ambazo wengi wetu Bukavu hatupendi kuzisikia, nazo nitazieleza.

Mchoraji ameomba jina lake lisitajwe. Nitamwita Dada, kama tunavyomwita kazini.

Anayetoka Bukavu kwenda kuona gorila hasafiri sana. Unapita Mudaka, unafika Miti, unaiacha barabara ya Kavumu na kupanda hadi Tshivanga, makao ya hifadhi, kilomita kama 30 kutoka mjini. Ukaribu huu ndio unaofanya filamu kuhusu hifadhi hii kuwa kazi nzito. Karibu kila atakayeitazama ana ndugu aliyewahi kuingia katika msitu ule kuchoma makala (mkaa), kuchimba, kukata mianzi, kulinda wanyama, au aliyezaliwa humo humo. Huwezi kumwambia kwamba msitu ni mahali pa ajabu pasipo na watu.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver akiwa mstari wa mbele. Mwanzoni ilikuwa kilomita za mraba 600 za milima inayoizunguka Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi karibu kilomita za mraba 6,000 kwa kuingiziwa msitu wa bondeni upande wa magharibi. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997, vita vikiwa vimeshaingia, ikaiingiza pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tembo wa sehemu ya milimani waliisha katika miaka ile. Bei ya koltani, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta, ilipopanda mwaka 2000, machimbo yalifunguliwa ndani ya hifadhi na wachimbaji walikula nyama ya pori kwa sababu hapakuwa na nyama nyingine. Gorila wa hapa, wale wanaoitwa gorila wa Grauer, hawapatikani nje ya mashariki ya Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Makadirio ya mwaka 2016 yalisema 3,800. Upimaji mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2021 ukataja 6,800.

Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, walikuwa ndani yake kabla haujaitwa hifadhi. Waliondolewa katika miaka ya 1970, bila fidia na bila mahali pa kwenda, wakaishia pembezoni mwa mashamba ya watu wengine huko Kabare na Kalehe. Oktoba 2018 baadhi yao waliamua kurudi. Yaliyofuata yaliwaumiza wote: watu waliuawa, Batwa kwa walinzi, na sehemu kubwa ya msitu wa milimani ikageuzwa makala, biashara ambayo faida yake haikubaki mikononi mwa Batwa. Dada alipopokea kazi hii, jeraha hilo lilikuwa bado bichi.

Yeye ni mzaliwa wa Kadutu, hapa hapa Bukavu. Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mabango ya saluni, halafu chati za shule: moyo, mapafu, mzunguko wa maji, ramani ya Afrika, zote kwa rangi juu ya kitambaa, kwa walimu wasiokuwa na vitabu. Uhuishaji alianza na simu. Baadaye alipata kompyuta iliyotumika, akapakua Blender na Krita, programu zisizolipiwa, na akajifunza kwa video alizozishusha usiku wa manane wakati vifurushi ni rahisi. Alivuka ziwa kwa boti kwenda Goma, mji ambao kituo cha sanaa cha Yole!Africa kimewafundishia vijana wengi kazi ya filamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alipita Ruzizi kwenda Kigali, akaendelea hadi Nairobi, akakaa kando ya wahuishaji waliomzidi uzoefu na kuwasaidia kupaka rangi ili aone wanavyofanya. Mwanzoni mwa 2023 alifika Ouagadougou wakati wa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika. Warsha aliyoalikwa Ubelgiji hakuifikia. Visa huombewa Kinshasa, na kutoka Bukavu hapakuwa na njia ya kufika Kinshasa kwa siku chache isipokuwa ndege. Tiketi ya kwenda kuomba ruhusa ya kusafiri ilikuwa na bei ya miezi yake kadhaa ya kazi.

Safari zile zilimfundisha kwamba msanii wa kujitegemea katika nchi yetu haanzi kutoka sifuri. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Lubefu, alianzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988, studio ya kutembea, na mwaka 1991 akatoa filamu yake ya kwanza ya katuni kutokana na hadithi ya kabila la Batetela. Hakusubiri jengo wala ofisi. Alichukua karatasi, kamera na hadithi za nyumbani. Dada huniambia mara nyingi kwamba kilichompa moyo kwa mzee yule ni uamuzi wa kuwafuata watazamaji walipo, hata kuliko filamu zenyewe.

Basi shirika moja dogo la Ulaya linalochangisha fedha kwa ajili ya gorila likamwandikia. Lilitaka filamu fupi ya Kifaransa isiyozidi dakika sita, ya kuonyeshwa vijijini na pia kuwekwa mbele ya wafadhili. Lilituma hadithi iliyokwisha kuandikwa. Gorila mtoto anacheza na mama yake. Mwindaji anatega mtego usiku. Gorila ananaswa. Mlinzi wa hifadhi anafika na kumwokoa. Mtoto wa kijijini anaapa kulinda msitu. Malipo yangetoka kwa awamu tatu: ya kwanza wakati wa kusaini, ya pili picha zikikamilika, ya mwisho baada ya maonyesho mawili kijijini na ripoti. Haki zote, pamoja na michoro ya karatasi, zingekuwa za shirika. Dada alisaini. Mtu asiye na kazi nyingine mezani hatumii wiki nzima kubishana juu ya kifungu cha saba.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze inavyokwenda, maana mgogoro wote umejificha hapo. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Wahuishaji wengi huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Dakika sita ni sekunde 360, na 360 mara 12 ni michoro 4,320. Kuichora yote mkononi, mtu mmoja, katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, ni kujiua. Kwa hiyo Dada alichagua vikaragosi vya karatasi ngumu. Unakata kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, unaviunga kwa uzi, unavilaza juu ya meza chini ya kamera, unasogeza kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Dirisha lilifunikwa kwa blanketi ili mwanga wa jua usibadilike kati ya picha na picha, kwa kuwa wingu likipita tu, kwenye filamu huonekana kama taa inayopepesa. Taa ndogo za LED ziliunganishwa kwenye betri ya gari iliyochajiwa kwa paneli ya jua. Hapo umeme ukikatika, picha haikatiki.

Kilichomchelewesha kuliko vyote ni mwendo wa gorila. Gorila hukunja vidole na kukanyaga kwa vifundo. Uzito uko mbele, mabega yanapanda na kushuka kwa zamu, makalio yanafuata. Ukikosea kidogo anakuwa mtu aliyevaa manyoya. Dada alikwenda Tshivanga pamoja na wageni wengine, na barakoa usoni, saa moja tu kama kanuni inavyosema, akarudi na daftari lililojaa mistari. Alitaka zaidi ya yote kuelewa mwendo wa Mugaruka, dume pweke ambaye wageni wengi wa Tshivanga wanamfahamu, aliyepoteza mkono kwa mtego alipokuwa mdogo. Gorila mwenye mkono mmoja hatembei kwa hatua nne. Hujisukuma kwa miguu, hukanyaga kwa mkono uliobaki, na bega la upande uliokatika hushuka hewani likitafuta ardhi lisiyoifikia. Dada alirudia hatua zile mezani mpaka bega lile likashuka inavyopaswa. Ni sekunde chache za filamu, na mimi naona ndizo bora kuliko kazi zake zote.

Onyesho la kwanza lilifanyika kiangazi cha 2023, katika darasa la shule ya msingi kwenye kijiji cha upande wa Kalehe. Siku zile usalama haukuruhusu watu kutembea usiku, kwa hiyo tulionyesha mchana, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vya hema. Tulikuwa tumepata ruhusa ya chefu wa kijiji na ya walinzi. Walikuja wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa makala, wafuata nyayo wawili wanaofanya kazi na hifadhi, na familia kadhaa za Batwa walioketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Watoto walicheka pale gorila mdogo anapoanguka kutoka kwenye mti, kama ilivyokusudiwa. Mwindaji alipotokea, mtu mweusi tii mwenye macho mekundu, watu wazima nao wakacheka. Hapo haikukusudiwa. Filamu ikaisha kwa makofi ya heshima. Dada akauliza wanasema nini.

Mfuata nyayo mmoja alianza, kwa upole sana.

“Dada, ile dume hapigi kifua na ngumi. Anapiga na kiganja, anakikunja kidogo, sawa mutu anachota mayi. Ile ya ngumi ni ya filme za bazungu.”

Alikuwa sahihi, na Dada aliandika. Kisha kijana wa makala akasimama.

“Ule mutu mubaya wa macho nyekundu, sisi hatumujue. Mwenye kutega huku ni jirani. Eko na watoto, tunasali naye. Anatega funo, hatege gorila.”

Nyuma, karibu na mlango, mama mmoja Mtwa wa umri mkubwa aliomba kusema. Hakusimama.

“Filme ni muzuri, mwanangu. Lakini nauliza: mu hii pori yote, sisi tuko wapi? Naona nyama, naona garde. Babu yangu alizaliwa mule.”

Hakuna aliyemjibu. Chefu alibadilisha mazungumzo. Tukagawa soda, tukafunga vifaa.

Njiani kurudi Dada hakusema mengi, na siku zilizofuata alianza kuandika upya. Yale maswali matatu hayakuwa na uzito sawa, na hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kutulia. La kiganja ni kosa la kitaalamu. Linarekebishwa kwa siku chache mezani. La jirani linagusa uti wa mgongo wa hadithi, kwa sababu hadithi iliyotumwa ilimhitaji mtu mbaya ili mlinzi awe mtu mwema. Ukimwondoa, hadithi haina injini. La yule mama liligusa jambo ambalo hadithi nzima ilijengwa ili lisionekane. Msitu usio na watu ndio uliokuwa picha ya kwanza ya filamu, na ndio uliokuwa sababu ya watu wake kufukuzwa.

Dada alipendekeza hadithi mpya inayofuata waya. Waya wa breki ya baiskeli unachomolewa na baba mwenye deni la karo. Anautega kwa ajili ya funo, mara ya kwanza anapata, mara ya pili anapata, kisha anaugua na kuusahau. Waya unabaki. Gorila mdogo anapita. Mfuata nyayo Mtwa, aliyeujua msitu kabla ya kuwa na kibali cha kuuingia, anaukuta mtego na kuukata, lakini mkono umekwisha kuharibika. Miaka inapita: gorila anakuwa dume pweke, yule baba anakuwa mzee, wote wawili wanatembea upande mmoja wa mlima. Mezani, kila kitu kingekuwa cha karatasi isipokuwa waya. Waya ungekuwa wa kweli, ule ule wa breki, wenye kutu, uliokunjwa kwa koleo fremu kwa fremu. Nilipoona jaribio la kwanza nilielewa kwamba amempata mhusika wake mkuu. Mtego hauna chuki na hauchagui. Anayeutazama hawezi kusema “huyo si mimi”, maana waya huo uko kwenye baiskeli yake.

Shirika lilikataa. Barua yao ilikuwa ya heshima na ilikuwa na hoja nne, nami nitazipima moja moja kwa sababu si za kupuuza.

Walisema hadithi mpya inamwonea huruma mwindaji, wakati walinzi wanakufa. Hilo ni kweli kwa uchungu. Walinzi wa Kahuzi-Biega wameuawa kazini, na familia zao zinaishi kati yetu. Filamu inayomfanya jangili kuwa shujaa ingewatukana. Lakini hadithi ya Dada haikumfanya shujaa. Ilimwonyesha anachofanya na kinachobaki baada yake, na mkono uliokatika uko pale kwenye skrini bila msamaha. Kumwonyesha mtu mwenye njaa hakumwondolei hatia. Kunamfanya atambulike, na asiyetambulika haonyeki.

Walisema kuwaweka Batwa ni siasa. Hapa sikubaliani nao kabisa. Kuwaondoa nako kulikuwa siasa, ila ilikuwa siasa iliyokwisha kufanyika, kwa hiyo ilionekana kama mandhari ya kawaida. Hata hivyo, hofu yao haikuwa ya bure. Baada ya 2018, kundi moja la viongozi na wafanyabiashara lilitumia jina la Batwa kufungua msitu kwa makala, na picha moja isiyo makini ingeweza kutumiwa na upande wowote. Dada alilijua hilo. Ndiyo sababu Mtwa wa hadithi yake hadai wala hahubiri. Anafanya kazi anayoijua kuliko yeyote, na mtazamaji anaachiwa kuuliza aliijulia wapi.

Walisema wafadhili wao hawataelewa filamu isiyo na mwisho wa matumaini. Hoja hii inaonyesha mahali mkataba ulipovunjikia tangu mwanzo. Filamu moja ilipewa watazamaji wa aina mbili: anayeishi mita 200 kutoka mpaka wa hifadhi, na anayeishi Ulaya akiwa na kadi ya benki. Wa pili anahitaji kuguswa ili achangie. Wa kwanza hana cha kuchangia. Anahitaji kuambiwa ukweli anaoujua, halafu aambiwe kitu asichokijua. Kazi moja inayojaribu kuwahudumia wote wawili itamfuata yule anayelipa, hata kama kila mtu ana nia njema.

Na walisema mkataba ni mkataba. Katika hili walikuwa sahihi kisheria. Michoro yenyewe haikuwa mali ya Dada tena.

Mtu akiniuliza kosa lilikuwa wapi, sitaanzia kwenye hadithi wala kwenye kipaji. Nitaanzia kwenye ratiba. Mkataba uliwapeleka wanakijiji mwisho wa mstari, baada ya awamu ya pili ya malipo, wakati kila sekunde ilikuwa imeshatengenezwa. Kwa mtengenezaji wa filamu ya kumbukumbu ya maisha halisi hilo lisingekuwa balaa kubwa. Anapiga saa nyingi za picha kuliko atakazozitumia, na akiambiwa amemsahau mtu, huenda mtu huyo yumo katika yale yaliyoachwa. Katika katuni hakuna yaliyoachwa. Hakuna fremu ambayo mtu hakuikusudia. Ukimsahau Mtwa kwenye karatasi ya kwanza, hatatokea kwa bahati nyuma ya mti. Kwa hiyo kuuliza mapema, ambako kwa wengine ni heshima, kwetu ni hesabu. Kubadilisha michoro ya awali iliyobandikwa ukutani ni kazi ya mchana mmoja na penseli. Kubadilisha filamu iliyokamilika ni miezi na fedha ambazo hazimo katika bajeti. Yule mama angeulizwa mwanzoni, swali lake lingegharimu soda na nauli ya pikipiki.

Jambo la pili ni lugha. Mkataba ulitaja toleo la Kifaransa na manukuu ya Kiingereza. Kiswahili hakikutajwa popote, wala Kihavu wala Mashi, lugha za huko, kwa filamu iliyosemwa kuwa ni ya vijiji vya Kalehe na Kabare. Sauti za Kiswahili tulizozitumia siku ile nilizirekodi mimi kwa sababu bila hizo watu wasingeelewa. Pengo hilo lilikuwa dalili mbaya ya jinsi kazi ilivyofikiriwa, lakini ndilo lililokuja kuwa mlango. Dada alipendekeza matoleo mawili. La Kifaransa libaki kama lilivyoandikwa, isipokuwa kiganja cha dume kirekebishwe. La vijijini, la Kiswahili, liwe na hadithi ya waya, bila nembo ya shirika, na gharama ya kulitengeneza aibebe yeye kwa kukatwa kwenye awamu ya mwisho.

Kwa miezi hakuna kilichosonga. Kisha Julai 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba nchi yetu ilizikiuka haki za Batwa wa Kahuzi-Biega na kutaka warudishiwe ardhi yao na kulipwa fidia. Sitasema hukumu ile ndiyo iliyobadilisha msimamo wa shirika. Sikuwa katika vikao vyao. Ninachojua ni kwamba neno “siasa” halikuonekana tena katika barua zao, na wakati mvua za mwaka ule zinaanza makubaliano yakasainiwa.

Dada alitengeneza upya zaidi ya nusu ya filamu. Aliwalipa wafuata nyayo wale wawili kama washauri, kwa fedha, na majina yao yakaandikwa mwishoni kwa idhini yao. Alirudi kwa yule mama na karatasi kabla ya kusogeza kikaragosi hata kimoja. Mama alitaka mambo mawili yabadilishwe: mfuata nyayo asiwe pekupeku, kwa kuwa amechoka kuwaona Batwa wakichorwa wamevaa matambara, na mfuata nyayo huyo aongozane na mtoto wake, kwa kuwa msitu hufundishwa kwa kutembea. Yote mawili yalifanyika. Kuongeza mtoto kwenye kila fremu ya tukio lile kulimgharimu Dada usingizi mwingi.

Onyesho la pili lilikuwa katika darasa lile lile, kabla ya Krismasi. Wakati huu mwindaji alipotokea hakuna aliyecheka. Waya ulipofunga, mtu mmoja upande wa kushoto alinong’ona kitu kwa Kihavu na jirani yake akamwangalia. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko filamu, na haukuwa mtamu. Kijana mmoja alisema filamu inawapendelea Batwa na kwamba hata yeye hana ardhi. Mlinzi aliyekuwapo akasema angependa ionyeshwe kwa walinzi wapya. Mzee mmoja akauliza nani atalipa karo ya yule mtoto wa kwenye filamu, swali ambalo mchoraji hawezi kulijibu, na Dada alisema wazi kwamba hawezi. Kama mitego imepungua kwa sababu ya dakika sita zile, hakuna kipimo nilichonacho, na namwogopa anayedai kuwa nacho baada ya onyesho moja. Ninachoweza kusema ni kwamba safari hii watu walibishana kuhusu waya, karo na ardhi. Mara ya kwanza walitupigia makofi tukaondoka.

Februari 2025 vita viliingia Bukavu, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na ratiba yote ya maonyesho ikafutika. Toleo la Kiswahili linatembea sasa kwenye kadi za kumbukumbu za simu, kwa walimu na kwa vijana wa pikipiki, bila sisi. Toleo la Kifaransa liko Ulaya na, kwa taarifa za shirika, limechangisha vizuri. Awamu ya mwisho ililipwa ikiwa imekatwa kama ilivyokubaliwa.

Dada ana kazi nyingine inayojadiliwa, kuhusu sokwe yatima wa Lwiro, pale kituo cha kuwatunza kilipofunguliwa mwaka 2002. Katika rasimu ya mkataba ameandika mambo matatu: kwamba michoro ya awali itasomwa kijijini kabla ya awamu ya kwanza ya picha, na gharama ya usomaji huo iwe kwenye bajeti, kwamba toleo la Kiswahili litatangulia mengine, na kwamba vikaragosi vya karatasi vibaki Bukavu, mikononi mwake. Mteja amekubali la kwanza na la pili. La tatu limepigwa mstari mwekundu, na Dada ameirudisha rasimu bila kulifuta.